Kiambaza na Njia za Sauti

Jioni, katika nyumba nyingi za Magoma, wilayani Korogwe, shughuli kadhaa huendelea chini ya bati moja. Katika chumba kimoja mwanafunzi wa kidato cha nne amefungua daftari. Katika cha pili redio inatangaza mpira. Katika cha tatu amelala mtoto mwenye homa. Kinachovitenga vyumba hivyo ni kiambaza: ama cha miti na udongo uliokandikwa, ama cha matofali, ama, katika baadhi ya nyumba za siku hizi, fremu ya mbao iliyopigiliwa plaiwudi au jipsamu pande zote mbili. Hata hivyo mwanafunzi atayajua matokeo ya mchezo bila ya kuyataka.

Mwenye nyumba huulaumu ukuta, akafikiria kuunenepesha. Mara nyingi huwa ameuonea. Sauti ni mtetemo wa hewa. Ili ipenye ukutani, sharti iutikise ukuta, nao ukuta uitikise hewa ya upande wa pili. Kitu kizito hutikisika kwa shida, na kila uzito unapoongezwa maradufu, sauti inayopenya hupungua kwa takriban desibeli 5 hadi 6. Ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 15 una uzito wa kilo zipatazo 250 katika kila mita ya mraba. Plaiwudi ya milimita 6 haifikii hata kilo 5. Kwa kipimo hiki, udongo wa wazee huzishinda fremu nyingi za kisasa, ingawa si kila fundi atakayekubali kuambiwa hivyo.

Basi sauti hupita wapi? Hupita juu. Viambaza vingi vya ndani huishia kwenye mtambaapanya, na kutoka hapo hadi kwenye bati huwa wazi. Na ichukuliwe kwamba kimo chote ni mita 3, na uwazi wa juu ni sentimita 30. Uwazi huo ni sehemu moja ya kumi ya eneo lote. Kwa hiyo takriban sehemu moja ya kumi ya nishati ya sauti hupita bila kizuizi, na upungufu hauzidi desibeli 10, hata kama chini yake pamejengwa kwa mawe ya milima ya Usambara. Sikio la binadamu huuona upungufu wa desibeli 10 kuwa kama nusu tu ya ukubwa wa sauti. Uwazi ukibakia wa sentimita 3, upungufu hufika desibeli 20. Ukizibwa kabisa, ukuta mzito unaweza kupunguza desibeli 40 na zaidi, yaani kupitisha sehemu moja tu katika 10,000. Ufa chini ya mlango nao huhesabiwa vivyo hivyo.

Wako wanaotundika mapazia mazito au trei za mayai ukutani. Hapa yanachanganywa mambo mawili. Mwaka 1895, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Sabine alianza kuchunguza ukumbi wa mihadhara uliokuwa na mwangwi mno. Kwa kuingiza mito ya viti, alionyesha jinsi vitu laini vinavyoufupisha mwangwi. Lakini kunyonya mwangwi wa chumba si kuizuia sauti isitoke humo. Pazia huifanya redio isikike vizuri zaidi kwa mwenye redio. Jirani hapati nafuu ya maana.

Fremu ya mbao ina tatizo lake. Mbao mbili zilizopigiliwa kwenye nguzo zile zile ni ngoma yenye ngozi mbili: upande mmoja ukipigwa, nguzo huupelekea mtetemo upande wa pili. Dawa yake ni safu mbili za nguzo zinazopishana, kila safu ikibeba upande wake tu. Nafasi ya katikati hujazwa nyuzi zisizoshindiliwa. Hewa inapopenya katikati yake, msuguano huigeuza nishati ya sauti kuwa joto kidogo. Huko Korogwe nyuzi za mkonge ziko karibu. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893, unaweza kuifanya kazi hiyo mradi uwe mkavu, na nyaya za umeme zisipite ndani yake, kwani hushika moto upesi.

Dari nyepesi juu ya vyumba, ikiwa viambaza vimeishia pale pale, husaidia kiasi tu: sauti hupanda, hutambaa juu ya dari na kushuka chumba cha pili. Ni afadhali kukipandisha kiambaza hadi kwenye bati, kwa fito na udongo au kwa fremu ya pande mbili, na kuziba mikunjo ya bati.

Lakini uwazi ule wa juu haukuachwa kwa uvivu. Ndio unaotoa joto na moshi. Anayeuziba bila kufungua dirisha kwenye ukuta wa nje hujihatarisha, hasa jiko la mkaa linapoingizwa ndani wakati wa baridi. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala. Dirisha litangulie, jiko libaki nje, ndipo fundi apande juu ya mtambaapanya.

Ili kujua pa kuanzia, wanafunzi wanaweza kufanya jaribio usiku: taa iwashwe chumba kimoja, mtazamaji akae gizani chumba cha pili. Kila panapopenya mwanga, juu, mlangoni au kwenye nyufa, sauti nayo inapita.