Fungua Swichi: Mawasiliano na Uthabiti wa Gridi ya Umeme

Katika somo letu la tafsiri hapa Kamukuzi, wanafunzi walipewa aya fupi kuhusu umeme. Darasani wamo wazaliwa wa Mbarara waliojifunza Kiswahili shuleni, na wamo waliolelewa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambao wengi wao walikuja na Kiswahili cha nyumbani kutoka Kongo. Aya ilikuwa na agizo la kumwambia fundi "afungue swichi". Darasa likagawanyika. Wengine walielewa kwamba fundi anawasha umeme, kama mtu anavyofungua redio. Wengine walielewa kwamba anaukata. Kwa lugha ya mafundi hawa wa pili ndio waliopatia: swichi ikifunguliwa, njia ya mkondo hukatika.

Tulicheka, kisha tukajiuliza: je, agizo kama hilo likitolewa kwa simu katika gridi ya taifa na likaeleweka kinyume, itakuwaje? Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini gridi hutegemea mawasiliano, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi walimu wa lugha.

Kwanza, ieleweke kwamba umeme ulio katika nyaya za gridi haukai ghalani kama mahindi. Unaozalishwa sasa hivi sharti ulingane na unaotumika sasa hivi. Kipimo cha ulinganifu huo ni idadi ya mizunguko ya mkondo kwa sekunde. Katika Uganda, Kenya na Tanzania idadi hiyo ni 50, yaani hezi 50. Matumizi yakizidi uzalishaji, mitambo hulemewa na mizunguko hupungua. Uzalishaji ukizidi, huongezeka. Ikienda mbali na 50, mitambo hujitoa yenyewe ili isiharibike, na kila unaojitoa huwaachia wenzake mzigo mzito zaidi.

Mfano wa jirani ni wa tarehe 7 Juni 2016 nchini Kenya. Tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye Mto Tana. Transfoma ilijizima, mitambo mingine ya kituo hicho ikalemewa nayo ikajizima, na zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mara moja. Nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika.

Kwa hiyo, sambamba na mtandao unaobeba umeme, upo mtandao wa pili unaobeba habari. Umeme unaofika Mbarara kutoka mitambo ya Mto Nile hupita Masaka, mwendo wa mamia ya kilomita. Katika vituo vya kupozea umeme mna vipimo vinavyotuma taarifa kila baada ya sekunde chache kwenye chumba cha uongozaji jijini Kampala: volti ni ngapi, njia ipi imebeba kiasi gani, swichi ipi imekatika. Taarifa hizo husafiri kwa redio, kwa ishara zinazopitishwa katika nyaya zenyewe za umeme, na siku hizi zaidi kwa nyuzi nyembamba za kioo zilizofichwa ndani ya waya wa juu kabisa wa minara, ule unaoikinga njia na radi. Aidha, hitilafu inapotokea katikati ya njia, vifaa vya ulinzi vya ncha mbili hupashana habari kwa sehemu ndogo sana ya sekunde ili ncha zote zikatike pamoja. Hapo hakuna nafasi ya mtu kupiga simu.

Mtandao wa habari ukilegea, wa umeme huyumba. Tarehe 14 Agosti 2003, muda mfupi baada ya saa 8 mchana, programu ya kutoa tahadhari katika chumba cha uongozaji cha kampuni ya FirstEnergy, jimbo la Ohio nchini Marekani, ilikwama. Mafundi wa kompyuta walijua kwamba kompyuta zao zina hitilafu, lakini habari haikuwafikia waongozaji wa gridi. Baada ya saa 9 njia kubwa zilianza kugusa miti na kukatika moja baada ya nyingine. Waongozaji walipigiwa simu kutoka nje, lakini skrini zao hazikuonyesha tatizo, basi wakaziamini skrini. Kiasi cha saa 10 jioni watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme.

Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Italia. Usiku wa tarehe 28 Septemba 2003, saa 9:01, njia moja ya Uswisi iliyopeleka umeme Italia ilikatika baada ya umeme kurukia mti. Mwongozaji wa Uswisi alipiga simu Roma saa 9:11 kuomba umeme unaoingia Italia upunguzwe. Upunguzaji ulitimia saa 9:21, nao haukutosha. Saa 9:25 njia ya pili ilikatika, na baada ya dakika chache karibu Italia yote ilikuwa gizani. Simu ilipigwa na ikapokelewa, lakini dakika zilikuwa zimekwisha kupotea.

Ikumbukwe pia kwamba mitandao hii miwili inategemeana. Vyombo vya mawasiliano navyo vinataka umeme, ndiyo maana vituo huwekewa betri za akiba. Betri zikiisha kabla umeme haujarudi, wanaotakiwa kuurudisha hawawezi kusemezana.

Sasa turudi darasani. Waongozaji wa gridi katika nchi nyingi wana desturi ya hatua tatu: mtoaji anatoa agizo, mpokeaji analirudia, mtoaji anathibitisha ndipo kazi ifanyike. Desturi hiyo ipo kwa sababu neno moja likikosewa laweza kumwua fundi aliye juu ya nguzo. Gridi za Uganda na Kenya zimeungana tangu miaka ya 1950, na Desemba 2024 ya Tanzania iliunganishwa na ya Kenya. Majirani hawa wote wana Kiswahili, ila Kiswahili chenye "fungua" mbili hakifai kwa kazi hiyo.

Tunapendekeza walimu walifanyie zoezi jambo hili. Mwanafunzi mmoja awe chumba cha uongozaji, mwingine awe fundi wa Mbarara, wasionane. Agizo litolewe, lirudiwe, lithibitishwe. Darasa letu lilipojaribu, lilikubaliana kuacha "fungua" na "funga", na kutumia "kata umeme" na "unga umeme". Pendekezo hilo lilitoka kwa mwanafunzi wa Nakivale, naye alitoa sababu fupi: "kata" haina maana mbili, si kwao wala si kwetu.