Karakana ya Marehemu: Bei ya Haki kwa Mjane na Mayatima

Fundi seremala anapofariki dunia, aghalabu wanunuzi hubisha hodi kabla tanga halijaondolewa. "Mama, chuma hiki kimeshachakaa; pokea hiki kidogo kikusaidie." Naye, akiwa edani na mwenye simanzi, huitikia. Hivyo ndivyo mali ya mayatima ipoteavyo kwa neno la huruma.

Ndugu Waislamu, kwanza tenganisheni. Mbao zilizoletwa na wateja si mali ya marehemu. Fedha alizotanguliziwa kwa samani zisizokamilika ni deni, na kwa mujibu wa Surat an-Nisaa, wasia na deni hutangulia mgawanyo wa mirathi.

Pili, iteni mafundi wawili wajuzi, wasio na nia ya kununua. Wazungushe mhimili wa kila mashine kwa mkono. Ukichezacheza, beringi zimekwisha. Kisha waiwashe na kupitisha ubao mgumu, kwani mashine huweza kunguruma vyema ikiwa tupu, ikashindwa mbele ya mninga. Watazame pia umeme: mota ya njia tatu haiunganishwi moja kwa moja na umeme wa njia moja, hivyo wanunuzi wake ni wachache. Kutu ya juujuu husafishika, lakini ufa katika meza ya chuma hushusha thamani sana.

Tatu, msipange bei kwa kile alichonunulia marehemu, bali kwa kile inachouzwa leo mashine kama hiyo iliyokwisha kutumika. Tuseme ni shilingi 1,200,000, na matengenezo yatagharimu 150,000. Basi bei yake ni 1,050,000. Randa, patasi na jiriwa zithaminiwe kimoja kimoja, kwani bei ya jumla humeza vile vilivyo bora.

Mrithi atakaye msumeno aukatwe katika fungu lake kwa bei ileile.

Nanyi warithi, msimtendee mnunuzi lile msilolitaka. Tajeni aibu ya chombo waziwazi. Wala msimpange jamaa apandishe bei ilhali hanunui, Mtume (S.A.W.) amelikataza hilo.

Mwisho, andikeni kila kifaa, hali yake na bei yake mbele ya mashahidi. Siku yatima atakapobaleghe na kuuliza viko wapi vyombo vya baba yake, daftari hilo limjibu.