Kanga kaliwa na nguchiro, mayai je?

Ikiwa unafuga kanga, msomaji, huenda yamekupata haya. Jioni kundi larudi likiwa na upungufu wa mmoja. Asubuhi watoto wanasaka nyasini, na nyuma ya ua wanakuta manyoya yametapakaa. Hatua chache kando pana kishimo chenye mayai 17 ya kahawia, na mwenyewe keshaliwa.

Kanga ndivyo alivyo. Hujificha kwenye nyasi ndefu akataga huko, kisha akaatamia huko huko usiku, penye nguchiro na mbwa wa jirani. Dume naye usimtegemee. Atalinda na kupiga kelele, lakini kuatamia si kazi yake.

Usiyatupe mayai hayo, wala usikimbilie kikaangio. Hata yakiwa baridi, pengine mama yao hakuwa ameanza kuyalalia, na kama alikuwa ameanza, kilichomo ndani huweza kustahimili baridi kwa saa kadhaa. Usiyaoshe. Yapeleke ndani polepole.

(Nasema kanga wako wa kufuga. Wa porini ni mali ya taifa, uwaache na mayai yao. Hata wa nyumbani huhitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.)

Kwa maoni yangu, dawa ya kwanza ni kuku wa kienyeji anayeatamia. Azima kwa jirani ikibidi. Mwekee mayai usiku, gizani, asitambue. Kuku hualalia mayai yake siku 21, ilhali ya kanga hutaka siku 26 hadi 28. Kwa hiyo usiyachanganye na yake! Vifaranga wake wakianguliwa atatoka nao, na ya kanga yatabaki yakipoa siku chache tu kabla ya kupasuka. Mwekee chakula na maji karibu, asichoke akaondoka.

Ukikosa kuku, tafuta mashine ya kuangulia. Yenye feni iwe na joto la digrii 37.5. Geuza mayai angalau mara tatu kwa siku, uache siku tatu za mwisho, na bakuli la maji lisikauke. Stima ikipotea, usiifungue fungue kuchungulia. Ifunike kwa blanketi.

Baada ya siku kama kumi, ingia chumba chenye giza uyamulike kwa kurunzi, hata ya simu. Ukiona mishipa myekundu, kuna uhai. Ganda la kanga ni nene, hivyo hutaona vizuri kama kwenye yai la kuku. Ukiwa na shaka, liache, ila linalonuka litoe upesi, kwani viza hupasuka na kuchafua mengine. Tena hujui marehemu alikuwa amelalia siku ngapi. Wanaweza kutoka wiki hii, wanaweza kutoka mwezi ujao. Subiri siku 28 zitimie tangu ulipoyaweka.

Wakitoka, adui ni baridi na maji. Wiki ya kwanza wapate joto la digrii 35 hivi, na wasitembee kwenye umande. Maji yawe kwenye kisahani chenye vijiwe, maana huzama hata kwenye bakuli la uji.

Wakifikisha wiki chache, watarukia matawi, na yule kuku aliyewalea atabaki chini akiwaita.