Runinga iliyong'olewa spika: Njia za kuirejeshea sauti bila kuiunguza

Na Mwandishi Wetu

SPIKA za ndani ya runinga zikipasuka, fundi huzing'oa na kumwachia mwenye nyumba nyaya nne zinazoning'inia. Picha ipo, lakini taarifa ya habari husomwa kimya na mpira huchezwa bila mtangazaji. Wapo wanaochukua nyaya hizo na kuzichomeka kwenye sabufa iliyopo sebuleni. Hapo ndipo runinga iliyokuwa imepoteza spika tu inapoweza kupotea yote.

Ieleweke kuwa kung'oa spika hakuondoi sauti. Spika ni kituo cha mwisho cha safari: sumaku, koili na karatasi inayotikisika. Kazi ya kukuza sauti hufanywa na amplifaya ndogo iliyomo ndani ya runinga, nayo hubaki nzima. Kinachotakiwa ni kuitafutia sauti mlango sahihi wa kutokea.

Mtego wa nyaya nne

Kati ya nyaya hizo, mbili ni za spika ya kulia na mbili za kushoto. Katika runinga nyingi bapa, kila waya hubeba umeme wa sauti na hakuna hata mmoja ulio wa ardhi. Sabufa, kwa upande wake, huzikutanisha nyaya hasi za kulia na kushoto na kuziunganisha na ardhi yake. Anayezichomeka humo huweza kusababisha shoti ndani ya amplifaya ya runinga. Runinga yenye kinga hujizima. Isiyo nayo huungua. Kwa kuwa mara nyingi amplifaya hiyo imo katika bodi kuu, ukarabati wake huwa na gharama kubwa.

Aidha, umeme uliokwisha kukuzwa kwa ajili ya spika ni mkubwa kuliko ule ambao tundu la kuingizia sauti la sabufa limeundwa kuupokea. Hata sauti ikitoka, huenda ikakwaruza.

Nyaya hizo zinafaa spika za kawaida tu, zisizo na amplifaya ndani yake. Nyuma ya spika zilizong'olewa huandikwa kiwango cha ukinzani, kwa mfano omu 4, 6 au 8. Spika mpya isiwe na kiwango cha chini ya hicho, kwani omu zikipungua umeme huongezeka na amplifaya hupata moto. Kama nyaya hazitatumika, kila moja ifungwe tepu ya umeme peke yake ili zisigusane.

Milango iliyo salama

Njia rahisi kuliko zote mara nyingi haipo kwenye runinga. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam, Desemba 31, 2012, king'amuzi kimekuwa kifaa cha kawaida sebuleni. Vingi vina matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti. Waya ukitoka hapo hadi kwenye sabufa, matangazo husikika bila kuigusa runinga. Upungufu wake ni kwamba filamu inayochezwa moja kwa moja na runinga kutoka kwenye flashi haitasikika.

Njia ya pili ni tundu la hedifoni, ambalo katika runinga nyingi huwezesha sauti kupandishwa na kushushwa kwa rimoti ileile. Ya tatu ni matundu yenye maandishi AUDIO OUT. Yale yenye maandishi AUDIO IN hayafai, kwani hupokea sauti badala ya kuitoa.

Runinga mpya zaidi huwa na tundu la OPTICAL, linalotoa sauti kwa mwanga. Sabufa isiyo na tundu kama hilo huhitaji kigeuzi kidogo. Wengi hukata tamaa hapa kwa kuwa kigeuzi hukaa kimya. Mara nyingi dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga na kuchagua PCM. Pia lipo tundu la HDMI lenye neno ARC, teknolojia iliyoanzishwa mwaka 2009. Hili hufanya kazi iwapo vifaa vyote viwili vina ARC.

Bluetooth nayo hutumika, lakini sauti huweza kuchelewa nyuma ya midomo. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), mtazamaji huanza kugundua ucheleweshaji unapofika takriban milisekunde 125.

Hatari ya kufungua

Hata plagi ikichomolewa, kapasita za runinga inayotumia umeme wa volti 230 huweza kubaki na takriban volti 325 kwa muda. Runinga za rangi za zamani, zile zenye chogo, huzalisha zaidi ya volti 20,000, na baadhi yake chesisi huwa na umeme wa ukutani. Kuunganisha chesisi hiyo na amplifaya yenye kasha la chuma ni kumwekea mtego mtoto atakayeligusa.

Kwa hiyo, kabla ya kushika bisibisi au kununua chochote, mwenye runinga aigeuze na kusoma maandishi ya matundu yake, kisha asome ya king'amuzi. Akipata mlango wa sauti hapo, hana sababu ya kuzigusa nyaya za ndani. Asipoupata, kazi hiyo amwachie fundi mwenye ujuzi.