Kagua Faili Kabla Hujaituma

Muhula uliopita nilipewa kazi ya kutengeneza ratiba ya midahalo ya chama chetu. Niliketi kwenye tarakilishi, nikafungua Excel, nikapanga majina na tarehe. Waunga hoja niliwapaka kijani, wapinzani nyekundu, na siku ya kila mtu kuzungumza nikaijaza manjano bila neno lolote. Ilipendeza kwelikweli! Nikawatumia wanachama wote.

Mwenzetu mmoja asiyeona akapitwa na siku yake. Jina lake liliitwa, hakuwa amejitayarisha, akabaki kimya huku watu wakinong'ona kuwa ni mvivu. Kumbe mvivu nilikuwa mimi.

Jioni alinisikilizisha ratiba yangu kwenye kipakatalishi chake. Yeye hutumia NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, ndiye aliyeanza kuitunga mwaka wa 2006. Ina hata sauti ya Kiswahili, ingawa huongea kama mgeni aliyeshuka ndegeni jana. Basi alipofika kwenye mstari wa jina lake, ilitaja tu anwani za visanduku: D7, E7, F7. Manjano yangu haikusikika kabisa. Programu hiyo haitaji rangi mpaka iamriwe, na hata ingeitaja, nani angejua manjano maana yake nini?

Ndipo nikajifunza kukagua. Katika Word na Excel za siku hizi, bonyeza Review, kisha Check Accessibility. Orodha ya kasoro hujitokeza pembeni. Yangu ilinionyesha kwamba nembo ya shule haikuwa na maelezo ya maandishi, na kwamba nilikuwa nimeunganisha visanduku ili kichwa kikae katikati. Visanduku vilivyounganishwa humchanganya msikilizaji, hajui yuko safu gani. Lakini kuhusu ile manjano, mashine haikusema kitu! Hiyo niliirekebisha mwenyewe: niliandika "Atazungumza" ndani ya kila kisanduku, na upande wa kila mtu pia kwa maneno. Hata wale wanaochanganya nyekundu na kijani, na wengi wao huwa wavulana, walinishukuru.

Kwenye Word kuna jambo jingine. Wengi wetu tukitaka kichwa cha habari tunakoleza wino na kukuza herufi, basi. Kwa macho ni kichwa, lakini kwa programu ni sentensi kama nyingine. Ukichagua Heading 1 kwenye mitindo, msikilizaji ataweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa bila kusikiliza kurasa zote kumi.

Nanyi walimu wetu wapendwa, mtuwie radhi: muhtasari uliopigwa picha kwa simu, kwa kawaida, kwake ni picha tu, haina neno hata moja. Afadhali uchapwe. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa.

Ratiba ya muhula huu nilimpa yeye kwanza aisikilize. Alipata kosa moja: nilikuwa nimempanga azungumze mara mbili siku moja. Akasema niiache hivyo hivyo.