Saa 3 Ipi? Hakikisha Mmeelewana Kabla ya Kulipia Tiketi

Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kilizinduliwa mwaka 2021. Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa kusafiri usiku na mchana, hivyo abiria analazimika kuwa mwangalifu zaidi kuhusu muda wa kuondoka.

Wakala wa tiketi husema kwa saa za Kiswahili, ilhali tiketi inaweza kuandikwa kwa mfumo wa saa 24. Katika mfumo huo, tiketi yenye 03:00 ni ya saa 9 usiku. Basi la saa 3 usiku huandikwa 21:00. Abiria anayedhani 03:00 ni saa 3 asubuhi atafika kituoni saa 6 baada ya basi kuondoka. Tarehe nayo hubadilika saa 6 usiku. Aidha, “usiku wa Jumamosi” kwa wengine ni usiku unaofuata mchana wa Jumamosi. Kwa wengine ni ule unaoutangulia. “Usiku wa kuamkia Jumamosi” huondoa utata huo.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Tuseme wakala amekwambia, “Linaondoka saa tisa, mama.”

• Ukijibu “Samahani?”, huenda akarudia maneno yale yale, na utata ukabaki.
• Ukiuliza “Saa tisa ya lini, kaka?”, umemwonesha sehemu isiyoeleweka.
• Ukisema “Yaani saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, sivyo?”, umemweleza ulivyoelewa, atathibitisha au atasahihisha.

Njia ya tatu ndiyo salama zaidi. Wala kuuliza si aibu: uchunguzi wa lugha 12 uliochapishwa mwaka 2015 ulibaini kuwa katika mazungumzo ya kawaida watu huulizana ili kuelewana, kwa wastani, kila baada ya dakika moja na nusu hivi. Jibu la hatari ni “haya” au “sawa” linalotolewa kwa adabu tu, au kwa sababu foleni ni ndefu.

Kabla ya kuondoka dirishani, soma tiketi kwa sauti: tarehe, saa, mwanzo na mwisho wa safari. Ikitofautiana na mlivyokubaliana, omba irekebishwe papo hapo. Endapo utawasilisha malalamiko baadaye, tiketi itaonekana. Maneno yaliyosemwa dirishani ni vigumu kuyathibitisha.