Zebaki ya Chunya Inavyopanda Ngazi Hadi Mezani

Mwanachuo mwenzangu, ukiulizwa mlishano ni nini utajibu fasta: majani, swala, simba. Ndivyo tulivyofundishwa, na tukienda TP tutafundisha hivyohivyo. Ila kuna jambo halisemwi sana: sumu nayo hupanda ngazi ileile, na kila ikipanda inaongezeka.

Mfano upo hapahapa Mbeya. Kule Chunya, wachimbaji wadogo wakishasaga mawe kwenye karasha huchanganya unga wake na zebaki ili inase dhahabu, kisha huichoma. Mvuke hupaa na baadaye hushuka ardhini. Zebaki nyingine hubaki kwenye marudio, na mvua ikinyesha inaweza kusombwa hadi mtoni. Mto Lupa nao unamwaga maji yake Ziwa Rukwa.

Ndani ya tope, bakteria huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo mwili huinyonya kirahisi na kuitoa polepole mno. Tupige hesabu ya kufikirika. Mdudu wa maji ana chembe 1. Samaki mdogo akila wadudu 100, anabaki na karibu chembe 100. Kambale akila samaki hao 50, tayari ni 5,000. Chakula kinaisha kwa kutumika mwilini, lakini sumu inabaki kwenye nyama. Ndiyo maana maji yanaweza kuonekana safi kabisa huku samaki mkubwa amebeba mzigo. Kukaanga wala kuchemsha hakuuondoi.

Japani walijifunza kwa uchungu. Mwaka 1956 uligunduliwa ugonjwa wa ajabu mjini Minamata: watu walitetemeka, wakapoteza uwezo wa kuona na kutembea vizuri. Kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini, na wao walikula samaki wa ghuba hiyo. Wapo akina mama ambao hawakuonyesha dalili kubwa, lakini watoto wao walizaliwa ubongo umeshaathirika.

Hii haina maana tususie samaki. Samaki wadogo wako chini kwenye ngazi, kwa hiyo kwa kawaida mzigo wao ni mdogo. Wajawazito hasa walizingatie hilo. Mchimbaji naye si adui. Anatafuta riziki, na ndiye wa kwanza kuuvuta ule mvuke. Vipo vyombo vya kuchomea vilivyofunikwa, vinavyounasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena.

Sisi walimu wa kesho, tukipangiwa Chunya, Kilolo au Mufindi, tusiishie kwa simba. Chora ubaoni mto, tope, samaki mdogo, kambale na mtu. Halafu waulize wanafunzi: sumu imeishia wapi?